LSD Imechoka au Umeisingizia? Dalili, Vipimo na Marekebisho ya Difu ya Gari la Kasi

Tairi la ndani likianza kuzunguka bure kila gari linapotoka kona, hukumu hutolewa hapo hapo: LSD, yaani difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi za kushoto na kulia) yenye kizuizi kinachozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake, imekwisha, iagizwe nyingine. Mara nyingine ni kweli. Lakini difu nyingi hufunguliwa bila sababu: oili iliyomo si yake, tairi mbili za nyuma hazilingani, au fundi amepima difu ya gia kwa kipimo cha difu ya plati. Na kufungua difu si jambo dogo. Ukishagusa shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) na beringi, umeshavuruga mpangilio wa meno uliowekwa kiwandani, na kuurudisha ni kazi yako. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, tunapima gari likiwa zima, kisha ndipo tunafungua.

Ijue difu uliyonayo

Dalili moja ina maana tofauti kulingana na kilichomo ndani, kwa hiyo hatua hii haiwezi kurukwa.

Difu ya plati ndiyo iliyozoeleka zaidi kwenye magari ya mashindano. Ndani yake plati zimepangwa kwa kupishana: moja imeshika ganda kwa masikio yake ya nje, inayofuata imeshika gia ya pembeni kwa meno ya ndani. Springi huzibana plati hizo muda wote, hata gari likiwa limezimwa, na huo ndio mkazo wa awali. Ukikanyaga mafuta, msalaba unaobeba gia za spaida (gia ndogo za katikati ya difu) husukuma kingo zilizoinama za pete mbili za mgandamizo, pete zinaachana, na plati zinabanwa zaidi. Ya koni hufanya kazi kwa wazo hilo hilo, ila badala ya plati nyingi kuna koni mbili zinazosugua ukuta wa ganda.

Ya mnato ina chombo kilichozibwa chenye plati nyembamba ndani ya silikoni nzito. Plati hazikusudiwi kugusana. Silikoni ndiyo inayozizuia zisipishane kwa kasi. Nissan Silvia S13 na S14 nyingi zenye LSD zilitoka kiwandani na aina hii, na vilevile Mazda MX-5 za kwanza za injini ya 1.6.

Ya gia, kama Torsen au Quaife, haina plati za klachi. Gia zenye meno ya mshazari husukumwa dhidi ya ganda na dhidi ya washa zake (pete bapa), na msuguano huo ndio unaohamisha toki (nguvu ya kuzungusha) kwenda upande wenye mshiko. Utaikuta kwenye MX-5 za 1.8 zenye LSD kuanzia 1994, kwenye Toyota Supra JZA80 za turbo, na kwenye Silvia S15 Spec-R.

Gari likiwa limepita mikono mingi, usiamini karatasi. Kama difu ina mfuniko wa nyuma, ufungue utazame kwa macho. Kama haina, angalia kibati au alama iliyopigwa kwenye nyumba ya difu, kisha thibitisha kwa vipimo vya hapo chini.

Tairi la ndani linazunguka bure

Hii ndiyo dalili kuu, na ina sababu nyingi kuliko zote.

Kwenye difu ya plati, mshukiwa wa kwanza ni mkazo wa awali uliopungua. Plati zimeliwa, mrundikano wote umekuwa mwembamba, na springi zimebaki na nafasi ya kulegea. Dereva mara nyingi hushangaa kuona gari bado linashika vizuri kwenye lami kavu lakini linashindwa kabisa tairi moja likiwa kwenye maji au limenyanyuka. Sababu ni kwamba pete za mgandamizo hufunguka kwa nguvu ya toki. Tairi lisilo na mshiko halina toki ya kurudisha, kwa hiyo msalaba hauna kitu cha kusukuma. Mkazo wa awali ndio unaoanzisha kazi. Ukiisha, LSD hungoja, na dereva huisubiri pamoja nayo. Ndiyo maana difu ya plati iliyochoka wakati mwingine hujitokeza kwa namna nyingine: unatoka kona, tairi la ndani linazunguka kidogo, halafu difu inashika kwa kishindo na mkia unatoka nje ghafla. Dereva analaumu saspensheni, kumbe ni difu inayochelewa.

Mshukiwa wa pili ni oili. Kiongezi cha kulainisha plati kikizidi, plati hupoteza msuguano ingawa bado ni nene. Kama gari lilibadilishwa oili ya difu hivi karibuni na dalili ikaanza baada ya hapo, usiguse kingine kabla ya kumwaga oili hiyo na kuweka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au cha mtengenezaji wa LSD.

Kwenye difu ya gia, mambo ni tofauti kabisa. Aina hii huzidisha toki ya tairi linaloteleza. Uwiano ukiwa 2.5 kwa 1, tairi lenye mshiko linaweza kupokea hadi mara 2.5 ya toki iliyo kwenye tairi la pili. Lakini sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Tairi likinyanyuka hewani, Torsen nzima kabisa itafanana na difu ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kuilaani, mwombe mtu atazame gari kutoka nje ya kona. Kama tairi la ndani linaacha ardhi, tatizo liko kwenye fimbo ya kuzuia mlalo iliyo ngumu mno, springi fupi mno, au shokabsoba isiyo na mwendo wa kutosha kwenda chini. Difu mpya haitatibu hilo.

Kwenye difu ya mnato, silikoni huchoka kwa joto na miaka. Hakuna mlio, hakuna unga wa chuma, na oili ya nje inaweza kuwa safi kabisa. Inapungua nguvu kidogo kidogo mpaka siku moja unagundua haipo.

Inatetema na kugonga kwenye kona za polepole

Unageuza gari kwenye maegesho, usukani umekatwa hadi mwisho, na nyuma inasikika krr-krr-krr huku mtetemo unapanda hadi kwenye kiti. Hizi ni plati zinazoshika na kuachia, kushika na kuachia, badala ya kuteleza taratibu. Tiba ya kwanza ni oili, na mara nyingi ndiyo ya mwisho: mwaga ya zamani, weka mpya ya daraja la GL-5 yenye uzito uliotajwa na mtengenezaji, pamoja na kiongezi cha LSD kwa kipimo chake. Kisha endesha polepole ukichora namba nane kwenye uwanja mpana, kulia na kushoto, ili oili ipenye katikati ya plati. Usihukumu kabla ya zoezi hilo.

Mtetemo ukibaki, plati zinaweza kuwa zimeungua na kung'aa kama kioo. Hapo hakuna njia ila kufungua. Ila elewa pia kwamba difu ya mashindano ya njia mbili (inayofunga unapokanyaga mafuta na unapoachia), yenye mkazo mkubwa, hugonga kwenye kona za polepole ikiwa nzima. Ni tabia yake. Ukiinyamazisha kwa kiongezi kingi, umeizimia kazi uliyoinunulia.

Difu za gia hazihitaji kiongezi hiki, na nyingine hupungua uwezo zikiwekewa, kwa sababu msuguano wa ndani ndio unaozifanya zifanye kazi. Kama yako ya gia inatetema, tafuta kwingine: sivi jointi, beringi za magurudumu, bushi.

Pua inagoma kuingia kona

Hapa ni kinyume: difu inashika kupita kiasi. Gari linataka kwenda moja kwa moja, tairi za nyuma zinalia kwenye kona za kawaida, na kingo za tairi zinaliwa upesi. Anza na tairi zenyewe. Pima mzingo wa kila moja kwa utepe baada ya kusawazisha upepo. Tairi mpya upande mmoja na iliyoisha upande mwingine huifanya difu iteleze kila mita ya safari, hata barabara ikiwa imenyooka. Plati huliwa bila kupumzika, na silikoni ya difu ya mnato hupata joto bila kupumzika hadi inaharibika. Ukiweka LSD mpya juu ya tairi zisizolingana, utairudia kazi hiyo.

Kama tairi ziko sawa, fikiria mkazo wa awali uliowekwa juu mno na aliyeifunga, plati zilizojikunja kwa joto, au difu ya njia mbili kwenye gari ambalo halikuihitaji. Nitarudi kwenye hilo la mwisho.

Inalia

Mlio unaopanda na kushuka kulingana na mwendo mara nyingi hautoki kwenye LSD hata kidogo. Ukilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, shuku mgusano wa meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) upande wa kuvuta. Ukilia unapoachia mafuta, angalia upande wa pili wa meno hayo, na hasa beringi za pinioni zilizopoteza mkazo wake. Mlio usiojali mafuta lakini ukabadilika unapoyumbisha gari kushoto na kulia ni wa beringi ya gurudumu. Kubadilisha plati hakutaponya hata mmoja kati ya hii.

Mlio mmoja mzito, "ko!", kila unapokanyaga au kuachia mafuta unatokana na nafasi iliyolegea mahali fulani: jointi za propela shafti, bushi zinazoshikilia difu, meno ya ekseli, au washa zilizo nyuma ya gia za spaida. Anza na bushi. Ni rahisi kuziona, na kwenye gari lililoongezewa nguvu huwa za kwanza kuchanika.

Vipimo kabla ya kufungua

Weka kuni au mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele. Inua nyuma yote na uiweke juu ya stendi, si juu ya jeki. Gia iwe nyutro, hendibreki iachiwe.

Zungusha tairi moja kwa mkono. Difu ya kawaida italizungusha la pili kinyume. LSD ya plati iliyo nzima italizungusha upande ule ule, pamoja na propela shafti. Ya plati iliyochoka itafanya kama ya kawaida, labda kwa ukinzani kidogo. Ya gia inaweza kwenda upande wowote kutegemea kama ina mkazo wa awali, kwa hiyo kipimo hiki hakiihukumu. Kwa ya mnato, ingiza gia kisha uzungushe: nzima inakubali kwenda polepole kwa ukinzani mzito ulio sawa mzunguko wote, na inakaza ukiharakisha. Ikizunguka kwa ulaini mtupu imekufa. Ikigoma kabisa nayo imekufa.

Kipimo chenye namba ndicho ninachokiamini zaidi kwa difu ya plati na ya koni. Shusha tairi moja liguse ardhi, lingine libaki juu. Gia nyutro, hendibreki imeachiwa, tairi za mbele zimezuiwa. Funga spana ya toki katikati ya kitovu cha tairi lililo juu, kwa adapta inayoshika boliti zake, na uvute polepole. Usisome toki ya kushtuka mwanzoni tu. Soma pia ile inayoendelea wakati tairi linazunguka kwa mfululizo. Linganisha na kiwango cha mtengenezaji. Chini ya kiwango, plati zimeisha au springi zimelegea. Namba ikiruka juu na chini katika mzunguko mmoja, kuna plati iliyojikunja au kuungua.

Jambo moja la usalama ambalo halina mjadala: usiwashe injini na kuingiza gia tairi moja la nyuma likiwa chini na lingine juu ya jeki. Gari lenye LSD litaondoka kwenye jeki na kukanyaga kilicho mbele yake.

Kisha mwaga oili na uitazame. Futa sumaku ya plagi kwa kidole. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida, hasa kwa difu ya plati. Ukisugua uji huo kati ya vidole na ukahisi chembe zinazokwaruza, au ukaona vipande vyenye ukingo, kuna jino au beringi inayovunjika. Oili nyeusi yenye harufu kali ya kuungua inasimulia joto. Ya rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Na kama oili inavuja kwenye sili zote kwa pamoja, safisha kwanza tundu la kupumulia. Likiziba, joto hupandisha mgandamizo ndani na oili husukumwa nje.

Ndani ya difu ya plati

Kabla ya kutoa chochote, pima uwazi wa meno ya krauni kwa geji ya mshale na uandike. Piga alama kwenye vifuniko vya beringi: cha kushoto kirudi kushoto, na kwa mwelekeo ule ule, maana vimechongwa vikiwa mahali pake. Shimu nazo zitenganishwe kwa upande.

Mrundikano wa plati ukiwa mezani, upange kwa mfuatano uliotoka. Shika plati moja moja na uielekeze kwenye mwanga. Nzima ina uso usiong'aa wenye alama sawa pande zote. Iliyopata joto ina madoa ya buluu, na mara nyingi madoa hayo yako upande mmoja tu, ishara kwamba imejikunja na kugusa kwa sehemu. Ilaze juu ya kioo kinene na upitishe fila geji chini yake. Kisha pima unene kwa maikromita sehemu kadhaa. Usisahau masikio: yakiwa yamechimbika vijihatua, na ganda nalo likawa na alama za masikio hayo kwenye mifereji yake, plati mpya zitakwama humo na kufanya kazi kwa vishindo. Ganda lenye mifereji iliyochimbika sana halistahili seti mpya. Hali kadhalika pete za mgandamizo zilizotobolewa mashimo na msalaba.

Ikiwa ganda ni zima, kukarabati kunafaa: plati mpya, springi mpya, washa za spaida. Mkazo hurekebishwa kwa kuchagua unene wa plati au shimu. Loweka plati zote kwenye oili ya LSD kwa muda uliotajwa na mtengenezaji kabla ya kufunga. Plati kavu huungua kwenye mizunguko ya kwanza kabisa.

Ya mnato huwa haikarabatiwi, hubadilishwa chombo kizima. Ya koni mara nyingi nayo hubadilishwa nzima. Ya gia huchoka polepole sana, na washa zake zikiisha, uamuzi wa busara huwa ni kununua nyingine.

Ukiamua kupandisha daraja

Mimi ningeanza na swali la gari linaendeshwa wapi. Gari la barabarani linalokwenda uwanja wa mbio mara moja moja, hasa la kuvuta kwa mbele, linafaidika zaidi na difu ya gia: haigongi, haihitaji kufunguliwa mara kwa mara, na haiupokonyi usukani mkononi kwa ukali wa plati. Kwa gari la kudrifti, ya gia haitoshi; hapo ni plati ya njia mbili, inayofunga unapokanyaga mafuta na unapoachia. Ya njia moja hufunga kwenye mafuta tu. Ya njia moja na nusu hufunga kwa nguvu kwenye mafuta na kwa upole kwenye kuachia, na kwa gari la kuvuta kwa nyuma la uwanjani naona ndiyo yenye uwiano mzuri. Ya njia mbili hutuliza gari kwenye breki, lakini husukuma pua nje unapoingia kona, na kwenye lami iliyolowa inataka dereva anayeielewa.

Tabia hizo hutoka kwenye pembe za pete za mgandamizo. Kwa vipimo vinavyotumika na watengenezaji wengi, nyuzi 45 hufunga kwa nguvu, 60 kwa wastani, na 80 na kitu karibu hazifungi. Pete ya 45 upande wa mafuta na 80 upande wa kuachia hukaribia kuwa ya njia moja. Idadi ya nyuso za plati zinazosuguana ni kirekebishi kingine, na mkazo wa awali ni cha tatu. Watu hukimbilia kuongeza mkazo kwa sababu ndio rahisi, lakini mkazo haujali kama uko kwenye mafuta au la. Hubana muda wote, hata unapoegesha. Badilisha pembe kwanza.

Kabla ya kuagiza, hakikisha idadi ya meno ya ekseli, kipenyo cha beringi, na uwiano wa krauni. Kwenye baadhi ya difu ganda hutofautiana kwa uwiano. Dana 44, kwa mfano, ina ganda moja la uwiano wa 3.73 kushuka chini na jingine la 3.92 kupanda juu.

Kufunga na kuzoesha

Krauni husafishwa, boliti zake hukazwa kwa kupishana na kwa toki ya kitabu. Uwazi wa meno kwenye difu nyingi za magari madogo huangukia kati ya milimita 0.10 na 0.20, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pima sehemu kadhaa kuzunguka krauni. Paka rangi ya kupimia kwenye meno, zungusha huku ukizuia kidogo, na usome alama. Ikikaa chini kabisa kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno; ikikaa juu kwenye ncha, iko mbali. Kama umetoa pinioni yenye bomba la kubonyea (linalobonyezwa ili kuweka mkazo wa beringi), weka bomba jipya na kaza nati hatua kwa hatua huku ukipima ukinzani wa beringi. Ukipitiliza, kuilegeza nati hakusaidii. Bomba limeshabonyea, toa uweke jingine.

Baada ya hapo chora namba nane polepole, pumzisha difu ipoe, rudia. Endesha kilomita chache za awali bila kuchoma tairi wala kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha mwaga oili hiyo ya kwanza, maana ndiyo iliyobeba unga wa plati mpya. Weka nyingine, inua tairi moja, na urudie kipimo cha spana ya toki. Andika namba hiyo pamoja na kilomita za gari. Namba itashuka kidogo kutoka ile ya mezani plati zikishakaliana. Ikishuka chini ya kiwango mapema hivyo, fungua tena uangalie kama springi bapa zimepangwa upande wake.